Modeli ya aneurizimu ya aota kwa kondoo na mbuzi: namna ya kuanza ukiwa Unguja au Pemba

Assalaam aleykum ndugu zangu. Wameshaniuliza vijana kadhaa, wengine wa mifugo wengine wa maabara za hospitali, wanataka kuanza utafiti wa aneurizimu ya aota kwa wanyama wakubwa na hawajui waanzie wapi, sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake na kusahau nusu ya maneno nimeona niyaandike yote hapa. Mie ni daktari wa mifugo, mtoto wa Unguja, nimefanya kazi miaka na timu za upasuaji wa wanyama wa utafiti, na jambo hili limenikaa moyoni mana ami yangu aliondoka nalo. Akilala chali alikuwa akisema "tumbo langu lina moyo wa pili", sisi tukidhani ni gesi, mpaka asubuhi moja mgongo ukamkamata ghafla, adhuhuri hakuifika, na alasiri tukamzika.

Kwa ambao hawajazoea: aota ni ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, unashuka kifuani na kupita tumboni mbele ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima pale tumboni una upana wa kama sentimita 2, ukifika 3 ndo unaitwa aneurizimu, na kwa mwanamme ukifika 5.5 madaktari wanazungumzia kuutengeneza kabla haujapasuka. Fikiria tyubu ya baiskeli iliyochakaa pahala pamoja, ukiijaza upepo panatuna pale pale, na panapotuna mpira unazidi kuwa mwembamba huku unazidi kuvutwa, kwahio kila ukikua ndo unazidi kupata sababu ya kukua. Einstein alikufa hivyo mwezi wa Aprili 1955, na daktari Nissen alikuwa ameshamzungushia selofani ule mshipa tangu 1948.

Hatua ya 1: andika swali lako kwenye karatasi kabla hujatafuta mnyama

Hapa ndo wengi wanapokosea. Mtu anakuja na maneno "nataka kutengeneza aneurizimu kwa mbuzi", nikimuuliza ili ujue nini hana jibu. Modeli, yaani mnyama uliyemtia ugonjwa makusudi ili uuchunguze, sio lengo, ni chombo, na chombo cha kuchimbia sicho cha kushonea. Kama swali lako ni la stenti (bomba linalotiwa ndani ya mshipa kuushikilia), yaani unataka kujua kama itakaa pahala pake, itavuja au haivuji, basi unahitaji uvimbe wenye umbo na ukubwa unaofanana na wa mtu, hali ya ukuta wenyewe sio muhimu sana. Kama swali ni la dawa ya kuzuia uvimbe usikue, mambo yanageuka, hapo unahitaji ukuta unaoumwa kweli, wenye uchochezi ndani yake, yaani kinga ya mwili inaushambulia, na unaoendelea kuharibika wenyewe wiki baada ya wiki. Na kama shida yako ni kufundisha madaktari wa upasuaji kushona aota, pengine humhitaji mnyama hai kabisa.

Nasisitiza hili kwa sababu ya doksisaiklini. Dawa hii ilizuia aneurizimu vizuri kwa panya, watu wakawa na matumaini makubwa, alafu ikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 250 wenye uvimbe mdogo, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa miaka 2, na majibu yakatoka 2020: uvimbe uliendelea kukua sawa sawa na wale waliopewa dawa bandia. Panya wale hawakudanganya, sisi ndo tuliwauliza swali ambalo hawawezi kulijibu. Kwa upande wa pili stenti-grafti, ile aliyoitia daktari Parodi kwenye aota ya tumbo kule Buenos Aires 1990, ilijaribiwa kwanza kwa mbwa na kwa watu ikafanya kazi, mana swali la umbo na bomba mnyama mkubwa anaweza kulijibu.

Hatua ya 2: mnyama gani

Ukisoma kazi za nje utaona nguruwe, nguruwe, nguruwe. Sababu ipo, moyo na mishipa yake inakaribiana na yetu na zile enzaimu za kula ukuta wa mshipa, elastase na kolajenase, zimeshazoeleka kwake. Kwetu Zanzibar huo sio mlango wa kuanzia. Pahala pa kumfuga ni tabu, na hata ukipapata, yule kijana wa kumlisha na kumfanyia usafi kila siku unamweka kwenye mtihani wa imani yake, na mtu anayemhudumia mnyama huku moyo wake haupo hawezi kukwambia leo huyu hakula. Mimi nasema chukua kondoo, tena mkubwa aliyekwisha kukua. Nguruwe wa kawaida anaongezeka kilo kila wiki na aota yake inapanuka pamoja nae, hujui kipi ni ugonjwa kipi ni umri. Kondoo mzima amesimama pahala pamoja. Aota yake chini ya figo ni kama sentimita 1, inatosha kushika na kushona. Mbuzi wetu wa kienyeji nae anafaa, ila wengi ni wadogo, na mbuzi ni mtundu, bendeji ataila.

Sasa kuna jambo lazima niliseme wazi mana wengi hawalijui. Hata ukitumia kondoo, elastase nyingi inayouzwa imetolewa kwenye kongosho la nguruwe, na heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) nyingi inatoka kwenye utumbo wake. Waambie wenzako wa timu mapema, kwa adabu, kila mtu aamue mwenyewe anashika nini, na glavu ziwepo. Usimfiche mtu alafu aje asome mwenyewe kwenye chupa. Kolajenase yenyewe inatoka kwa bakteria, hio haina maneno.

Hatua ya 3: ruhusa

Hapa sitokaa sana. Zungumza mapema na taasisi zetu mbili, ya utafiti wa afya ZAHRI na ya utafiti wa mifugo ZALIRI, kabla hujanunua hata sindano, wakuelekeze karatasi zako zipite wapi. Kwenye andiko lako onesha zile nguzo tatu walizoziweka Russell na Burch 1959: je unaweza kufanya bila mnyama, je unaweza kufanya kwa wanyama wachache zaidi, je unaweza kumpunguzia maumivu. Usiziandike kwa kuwaridhisha wakubwa, zijibu kweli. Na andika kabisa ni dalili zipi ukiziona utamaliza uhai wa mnyama siku hio hio bila kusubiri data, mana siku ikifika utakuwa na tamaa ya wiki moja zaidi.

Hatua ya 4: machinjioni kwanza, na hapa nakuomba usiruke

Aota za bure zipo kila siku asubuhi. Nenda machinjio ya Kisakasaka au popote wanapochinja karibu yako, zungumza na wachinjaji vizuri, waeleze unataka ule mshipa mweupe mnene uliolala kwenye uti wa mgongo, kwa kawaida wanaukata na kuutupa. Mnyama aliyechinjwa kisheria damu nyingi imetoka kwa shingo na aota inabaki nzima, safi. Chukua ya ng'ombe ya kujifunzia, alafu ya kondoo ya kufanyia kazi. Beba kwenye maji ya chumvi ya dripu ndani ya kikasha chenye barafu, siku hio hio.

Ukifika, kata kipande cha sentimita 8 hivi cha kifuani. Utaona nyuma yake vitundu viwili viwili vimejipanga, hivo ni vijimshipa vya mbavuni, vifunge kimoja kimoja kwa uzi, ukikiacha hata kimoja maji yote yatakimbilia hapo. Upande mmoja funga kabisa, upande wa pili ingiza mpira wa dripu na ufunge. Sasa tundika ndoo au mfuko wa dripu juu. Hesabu ni hii: kila milimita 1 ya zebaki ni sentimita 1.36 za maji, kwahio usawa wa maji ukiwa mita 1 na sentimita 36 juu ya kipande chako, unakuwa umeweka presha ya 100. Kwa presha ya 120 panda mpaka sentimita 163. Ndoo, kamba na futi ya fundi, umeshapata mashine ya presha.

Pima upana kwa kalipa kwenye presha ya 80, 100 na 120, andika. Alafu mwaga maji, jaza elastase, acha kwenye beseni la maji ya joto la 37 mana enzaimu hizi zinafanya kazi kwa joto la mwili, suuza, pima tena. Kipande cha pili fanya kolajenase. Utaona kwa macho yako jambo ambalo Dobrin na wenzake walilionesha 1984: elastini ikiliwa mshipa unapanuka na kuwa mgumu, kolajeni ikiliwa mshipa unapasuka. Elastini ni ile raba inayorudisha, kolajeni ni ile kamba inayozuia usipite mpaka. Binaadamu aliyekuwa na uvimbe ameshapoteza raba zamani, anaishi kwa kamba. Siku nlipoyaona haya kwenye beseni ndo nlipoelewa nini kilimpata ami yangu asubuhi ile, alikuwa anaishi kwa kamba na kamba ikakatika.

Kolajenase inahitaji kalsiamu, kwahio iyeyushe kwenye dripu ya Ringa sio kwenye maji ya chumvi matupu, na ukichanganya na EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu, unaiua. Elastase yeye anapenda maji yenye pH ya 8 kwenda juu kidogo.

Alafu la umeme. Enzaimu zinakaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na sisi wa Unguja hatujasahau mwisho wa 2009 mpaka 2010 kisiwa kizima kilikaa kama miezi 3 gizani. Siku hizi hali ni nyengine lakini kukatika usiku mmoja tu kunatosha. Nlishafanya kazi pahala, sio hapa, friza ilizima usiku na ikawaka asubuhi bila mtu kujua, tukawapasua kondoo 5 kwa enzaimu iliyokufa, wiki sita baadae aota zao ziko vile vile kama za siku ya kwanza. Wanyama watano wameumia bure. Tangu siku hio nina kanuni ambayo siivunji: asubuhi ya kila upasuaji, enzaimu ile ile ya chupa ile ile inajaribiwa kwanza kwenye kipande cha machinjioni. Isipopanua kipande, kondoo anarudi bandani kula.

Hatua ya 5: kuwapata na kuwaweka

Usinunue karibu na Mfunguo Tatu, bei inaruka na wanyama wanaletwa kwa haraka wakiwa wamechoka na safari ya majahazi. Nunua mapema, wakae angalau wiki 2 wakuzoee. Wape dawa ya minyoo, hasa ikiwa masika imepita, fungua kope la chini uangalie wekundu wake, kope likiwa jeupe damu hana na usingizi wa upasuaji atakuwa hauwezi. Usimfunge kondoo peke yake, kondoo wa peke yake hali na presha yake haikai, waweke wawili wawili na hata baada ya upasuaji amuone mwenzake. Gawa makundi kwa kura, na kundi moja liwe la wale waliofanyiwa kila kitu ila ndani ya mshipa wametiwa maji ya chumvi matupu, bila hao hujui uvimbe umeletwa na enzaimu au na mikono yako.

Hatua ya 6: njia ya kuutengeneza uvimbe

Ukirudi kwenye karatasi yako ya hatua ya 1 njia itajichagua. Ya kiraka: unachana aota kwa urefu na kushona kiraka cha mshipa wa shingo wa mnyama huyo huyo, uvimbe unaupata siku hio hio, ukubwa unauchagua wewe. Nzuri kwa stenti. Lakini ukuta hauna ugonjwa, kiraka ni kiraka. Ya enzaimu: unaziba juu na chini, unapanua kwa puto, unajaza elastase na kolajenase, unasuuza, unafungua. Hapa ukuta unaumwa na uvimbe unakuja taratibu, ila mnyama kijana ana nguvu ya kupona, mara nyingi unakua wiki chache alafu unasimama. Kuna waliolitatua hilo kwa nguruwe kwa kuongeza BAPN kwenye chakula, ni dawa inayozuia elastini na kolajeni mpya zisifungane, kwahio mwili unajenga ukuta na ukuta haushiki. Nimeridhika na njia hii kuliko zote kwa maswali ya dawa, lakini inadhuru na viungo vyengine, inataka uangalizi wa kila siku. Ya kuupaka mshipa kloraidi ya kalsiamu kwa nje ipo pia, kwa wanyama wakubwa inatoa uvimbe mdogo, mie siipendelei.

Hatua ya 7: siku ya upasuaji

Kondoo sio mbwa. Ana tumbo la lita nyingi linalochacha muda wote, ukimlaza tu linajaa gesi na linamrudia kooni. Mnyime chakula saa 24 na maji saa 12, mpira wa pumzi uwe ule wenye puto la kuziba, tia na mpira wa tumboni wa kutoa gesi, na kichwa kiwekwe mdomo ukitazama chini ili mate yatoke, mana mate ya kondoo hayakatiki hata usingizini. Zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama, uiogope, wanyama wanaocheua wanahitaji kidogo sana ukilinganisha na farasi, na kondoo inaweza kumjaza maji mapafu.

Ingilia ubavu wa kushoto kwa nyuma ya utando wa tumbo, unalisukuma tumbo lote mbele na aota unaikuta imelala. Heparini uniti 100 kwa kila kilo, subiri dakika chache, ndo uzibe. Kuanzia hapo saa iwe ukutani na mtu mmoja kazi yake kusoma dakika kwa sauti. Kuna vijimshipa vinavyotoka nyuma ya aota kwenda kwenye uti wa mgongo, kila ukikifunga kimoja na kila dakika unayoongeza, unaikaribia siku ambayo mnyama ataamka na miguu ya nyuma haimbebi. Hilo ndo balaa kubwa la modeli hii. Funga vichache kadri uwezavyo, na enzaimu isuuze kikweli kabla hujafungua, ikitoroka kwenda kwenye damu inakula pasipotakiwa. Ukifungua fungua kidogo kidogo, presha inaanguka ghafla, mtu wa usingizi aambiwe kabla sio baada.

Hatua ya 8: baada ya hapo

Mnyama wa kundi anaficha maumivu mana porini anayeonesha ndo anayeliwa. Kwahio usisubiri alie. Angalia kama anacheua. Asiyecheua, anayesaga meno, aliyeinamisha masikio na kusimama pembeni, huyo anaumwa, ongeza dawa ya maumivu, meloksikamu iwe imeshaanza kabla ya kisu. Gusa kwato za nyuma kama zina joto, muone anasimama. Usiku wa kwanza mtu alale bandani, sio mlinzi, mmoja wa timu.

Ultrasaundi fanya kabla ya upasuaji, alafu wiki ya 1, ya 2, ya 4 na kuendelea. Amua mwanzo kama unapima ukuta wa nje kwa nje au ndani kwa ndani na usibadilishe katikati, na upana upime wakati moyo uko kwenye hatua ile ile ya pigo. Hesabu ya aneurizimu ni kupanuka nusu zaidi ya ilivyokuwa, mfano kutoka milimita 10 hadi 15. Pima na kipande cha juu ya figo ambacho hukukigusa, hicho ndo shahidi wako. Anayesoma picha asijue mnyama yupi ni wa kundi gani.

Hatua ya 9: mwisho wa mnyama na kipande chake

Majirani watakuja, na wengine wana haki ya kuuliza, kondoo mzima mnenepa anafukiwa shimoni na watu wana njaa ya kitoweo. Waeleze kwa upole kwamba nyama hii ina dawa, haichinjwi haiuzwi haigawiwi, na shimo liwe refu au ichomwe kabisa, hata mbwa na kunguru wasiifikie. Mimi huwaeleza kabla ya utafiti kuanza, nikiwa nimekaa nao barazani, inapunguza mengi.

Aota itoe pamoja na vipande vyake vya juu na chini. Itundike kwenye formalini ya asilimia 10 ukiwa umeijaza kwa ndoo ile ile ya mita 1 na sentimita 36, mana ukiitia imesinyaa utapima kitambaa kilichokunjamana. Kipande kimoja kiende kwenye rangi ya Verhoeff-van Gieson, elastini itaonekana nyeusi, kama imekatika katika utaiona, kingine kwenye trikromu ya kolajeni, na kingine ukikate kabla ya formalini kigandishwe kwa ajili ya vipimo vya protini. Wanyama waliokufa njiani nao waandike wote na sababu zao, hata yule aliyekufa usiku wa kwanza kwa kosa lenu. Na karatasi ya ndani ya kila chupa iandike kwa penseli, wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti na utabaki na chupa kumi zisizo na majina.